Vidole Vinne

Alfajiri, kabla sijawasha taa, nilisikia komeo la mlango likitikisika: ka, ka, ka. Nilimtoa mwanangu Catherine mkononi taratibu, nikamfunika.

Nje alisimama Gahungu, aliyehamia hapa Katubuka juzi juzi kutoka kambi ya wakimbizi. Alishika fimbo mbichi.

"Kaka yangu Manariyo ametutoka," alisema. "Nimeambiwa ufunguo wa karakana unao wewe."

"Pole, kaka. Ninao."

Tuko vijana sita tunaojifunza useremala kwa fundi Telesphory. Ada yetu ni kazi: madawati ya shule, milango ya wajane, jeneza kwa nyumba isiyo na uwezo. Kila mmoja humalizia kwa kazi aliyoifanya peke yake. Mtaa ukiikubali, anapewa benchi lake la kazi. Nilikuwa nimebaki mimi, na fundi alikuwa amepanda Kalinzi kufuata mbao.

Nikaipokea fimbo. Mtaani kwetu anayempima marehemu kwa fimbo huongeza vidole vinne kabla ya kuikata, kwa ajili ya shuka na mto. Fundi alitufundisha: fimbo ikija, usiongeze kitu. Nikapima, nikakata, nikapiga randa mpaka adhuhuri. Kona zilikutana vizuri mno. Nikajisemea, Scola, mwanangu atakula kwa mikono hii.

Msibani, wanaume walimlaza. Kichwa kikaingia, mabega yakaingia. Miguu ikakataa.

"Fundi," aliniambia Adolf, mwanafunzi mwenzangu, "ulipima mtu au mbuzi?"

Hakuna aliyecheka. Mjane alikaa chini vumbini. "Yampayinka!" alilia kwa uchungu, kwa Kirundi.

Nikamsogelea Gahungu. "Kaka, kwenye fimbo uliongeza vidole vinne?"

"Vya nini? Nilikata pale alipoishia."

Hakuijua desturi yetu, na mimi sikumuuliza. Masomo yote ya jioni pale karakanani, hesabu za sehemu na za desimali, na swali moja dogo limenishinda.

Mzee Bonaventura, aliyesimamia mazishi, akatazama jua. "Mkunjeni magoti kidogo, twende."

Binti wa marehemu, Ndayikunda, wa miaka mitano, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa akiitazama miguu ya baba yake.

"Mzee wangu, nakuomba," nilisema. "Msimkunje. Nipeni nusu saa."

Karakana haikuwa na ubao hata mmoja, isipokuwa vile vipande nilivyokuwa nikivikusanya kutengeneza kitanda cha Catherine. Nikavikimbilia. Nilirudi nikang'oa upande wa miguuni mbele ya macho ya wote, nikaunga, nikapigilia. Kila pigo la nyundo lilimshtua mjane, nami nikawa namwomba radhi moyoni, pigo kwa pigo. Mbao zangu zilikuwa nyeupe, jeneza jekundu. Hata asiye fundi alikiona kiungo.

Telesphory alifika na vumbi la Kalinzi kwenye nyusi. Alipitisha kidole gumba juu ya kiungo, akanigeukia.

"Kesho utawafundisha wenzako," alisema, "cha kuuliza fimbo ikija."

La benchi hakulitaja.

Wanaume wakamlaza tena Manariyo, taratibu. Ndayikunda alipenya katikati yao, akachuchumaa upande wa mbao nyeupe, akachungulia.

"Miguu ya baba imeingia," alisema.