Ndoo Nyekundu Iliyokosa Kazi

Dada yangu aliingia sebuleni kwangu akiwa na kipara. Si upara wa uzee. Kipara cha wembe, kinachong'aa hivi kwamba taa ya dari ilijiona humo ikaanza kujitengeneza. Nyuma yake alikuja mumewe, shemeji yangu, ambaye sote tunamwita Meneja kwa kuwa hajawahi kukutana na jambo asitake kulisimamia. Meneja alibeba ndoo nyekundu mpya, lebo ya dukani ingali mbavuni.

"Nani kafa?" nikauliza.

"Hajafa mtu wala hafi mtu." Dada akaketi. "Nimenyoa ili zako zikianza kudondoka tuwe wawili. Na hiyo ndoo ya kutapikia. Mimi nilitumia beseni, likazidiwa. Haya, dripu unaanza lini?"

Hapo nikajua nimepatikana. Walikuwa wamenitoa uvimbe wa saratani kwenye titi la kushoto, kidonda kimeshapona, na ukoo mzima ulikuwa unasubiri nipigwe dripu, ile dawa kali ya saratani ya kupitishwa mshipani, kama alivyopigwa dada miaka ile alipougua yeye. Na asubuhi hiyohiyo daktari alikuwa ameniambia dripu siihitaji.

Sasa, kusema kweli ni kazi ngumu kwa mtu kama mimi. Niliendesha winchi ya ujenzi mpaka nikastaafu, ile ndefu ya mnara, na mtaani hadi leo naitwa Mama Winchi. Nilikuwa juu mno. Siku zisizo na mawingu nilikuwa naiona Ijumaa inakuja na mvua yake huku wenzangu chini wangali Alhamisi, nawapigia kelele waanue nguo zao. Kuna rubani alizoea kupunguza mwendo tusalimiane. Kusoma nilijifunza hukohuko juu, kwa magazeti niliyofungiwa mkate. Kwa hiyo nikisema jambo, watu hucheka kwanza, ndipo huuliza kama ni kweli.

"Dripu sipewi," nikasema. "Walipeleka kipande cha uvimbe maabara, wakasoma jeni zake, wakaona huu wangu ni mpole. Nitapigwa mionzi, halafu kidonge kila siku kwa miaka kadhaa. Basi."

Dada akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama ndoo.

"Uvimbe unasomwa?" Meneja akauliza. "Kama gazeti?"

"Kama gazeti."

"Na yule rubani alikuwepo?"

Nikawaletea pakiti ya vidonge waone kwa macho yao. Dada akakishika kimoja. Sijui kama alikihisi, maana tangu dripu zake ncha za vidole vyake zimekufa ganzi. Ukimpa kikombe cha moto anakishika tu, anatabasamu, na ngozi inaungua. Akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ni cha kutibu kuku," akasema. "Mdogo wangu, dawa ya moto ni moto. Wamekupunja kwa kuwa umezeeka."

"Akili ni nywele, dada, na wewe zako umeziacha kwa kinyozi."

Meneja akacheka, akaona uso wa mkewe, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Kisha akavaa ile sauti yake ya mikutano. Kuna hospitali ya binafsi upande wa pili wa mji, dripu wanazo, keshaongea nao. Jumatatu atakuja kunichukua. Kila kitu kipo tayari.

"Kila kitu isipokuwa mimi," nikamwambia. "Shemeji, umesimamia harusi yangu, umesimamia hata maziko ya paka wangu. Lakini titi hili hukuliajiri wewe. Nimeinua vyuma maisha yangu yote, na hata siku moja sikuinua mzigo nisiojua uzito wake. Hawa wamepima mzigo kwanza, ndipo wakachagua kamba. Jumatatu ukija, utaongea na mlango."

"Ukifa kwa ubishi wako," dada akasema polepole, "nitakufufua nikuchape." Akaisogeza ndoo miguuni pangu. "Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mimi nililala humo. Nimetoka kwa sababu ya ile dripu. Wewe unataka kutokea wapi?"

Nikachukua mkoba wangu. "Basi twende," nikasema. "Mimi mwongo, sawa. Kamsikie mwenyewe daktari."

Daktari wetu ni binti mdogo anayevaa raba, anatembea kama aliyeacha chungu jikoni. Alitukuta sote watatu kwenye viti vya chuma vilivyofungwa sakafuni ili tusivibebe kwenda navyo nyumbani, akatuingiza chumbani kwake. Dada hakukaa.

"Daktari, huyu mdogo wangu umempunja."

Binti hakukasirika. Alivuta kiti chake mbele ya meza akaeleza taratibu. Uvimbe wangu unakula homoni. Kidonge kinaufungia chakula. Tezi za kwapani zilikutwa safi. Na jeni zilizosomwa zinaonyesha uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mdogo. Wanawake wa umri wangu, wenye uvimbe wa namna yangu, wamefuatiliwa kwa miaka katika utafiti mkubwa, wengine wakapewa vidonge pamoja na dripu, wengine vidonge tu. Wakaenda karibu sawa.

"Karibu?" nikauliza. Nilitaka dada asikie nikiuliza.

"Karibu. Uhakika kamili sina, mama. Hata dripu haiutoi. Ninachojua ni kwamba kwako ingekupa mateso mengi na faida ndogo sana."

"Hiyo karibu naichukua," nikasema. "Ni yangu."

Nilidhani dada atalipuka. Badala yake akashika mgongo wa kiti, akauliza kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa watoto, "Kwa hiyo mimi niliteswa bure?"

Kumbe. Muda wote huo nilifikiri tunagombania titi langu.

Daktari akamuuliza uvimbe wa kwake walimwambia ulikuwa wa aina gani. Dada alikuwa ameyahifadhi: hauna homoni, hauna ile protini nyingine, vidonge haviuwezi.

"Basi hukuteswa bure," binti akasema. "Ugonjwa wa aina hiyo mpaka leo tunaupiga dripu. Siku hizi wengine tunawaongezea dawa za kuamsha kinga ya mwili, lakini dripu bado ipo palepale. Ungepewa vidonge vya mdogo wako, visingekusaidia kitu."

Dada akakaa. Akajipapasa kile kipara mbele kwenda nyuma, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo jana.

"Tumbo moja," akasema. "Titi lilelile la kushoto."

"Na magonjwa mawili," daktari akamalizia.

Yangeishia hapo kama Meneja asingekohoa. "Lakini daktari, kwa usalama tu, tukimwekea dripu kidogo? Nusu nusu hivi?"

Nilifungua mdomo. Dada akanitangulia. Alinyoosha vidole vyake vyote kumi mbele ya pua ya mumewe.

"Asubuhi nani hunifunga vifungo?"

"Mimi."

"Unataka ufunge vya wawili?"

Jumatatu hakuja mtu.

Siku hizi nakunywa kidonge changu kila asubuhi. Si peremende, magoti yanalia kama bawaba, na kushuka ngazi nashuka kiubavu. Dada huja kuhakikisha nimemeza, hunifungulisha mdomo kama farasi anayeuzwa. Akisharidhika, tunatoka kwenye kibaraza cha juu, anaketi kwenye ndoo nyekundu niliyoigeuza kichwa chini, nami nampaka mafuta kichwani. Nywele zake hazina haraka. Zangu zimenona hadi ndege wawili wameulizia chumba.

Juzi jirani alisimama chini, akamwona na kile kipara, akampa pole nyingi. Dada akaninyooshea kidole. "Mgonjwa ni huyu mwenye nywele."

Jirani akacheka. "Saratani gani hiyo isiyo na dripu? Mama Winchi kakudanganya tena."

Dada akainuka kwenye ndoo.

"Panda juu," akamwambia. "Panda nikueleze. Na usimame mbali na mdogo wangu, maana mimi vikombe vya moto navishika bila kuhisi, sembuse shingo yako."

Jirani akakumbuka ana nguo za kuanua. Ilikuwa Alhamisi.