Nafasi Mbele ya ANI

Saruji ya kaburi ilikuwa imeshakorogwa, na jua la Nyanza-Lac halimsubiri mtu. Speciosa alisimama katikati ya michikichi, mikono kiunoni, akikitazama kipande cha jiwe ambacho jembe lilikifukua juzi katika shamba la marehemu baba yake. Kilikuwa na msalaba na herufi tatu: ANI. Zilizotangulia zilikwenda na upande uliovunjika.

"Mama Eliana, niandike nani?" aliuliza Hamissi, fundi.

"Pontiani, baba yangu. Kwani ni nani mwingine?"

Speciosa alikuwa mtoto wa mgongoni ndugu zake walipomzika baba haraka haraka na kukimbilia Tanzania. Tangu warudi Burundi, alikuwa akitafuta mahali pa kumlilia.

Binti yake Eliana alipiga magoti, akapitisha kidole penye ufa. Alikuwa likizoni kutoka ng'ambo, anakosomea maandishi ya Walidia, watu wa kale wa Sardi.

"Sardi ile ya Ufunuo," Speciosa alimweleza Hamissi. "Watu wamekufa, lugha imekufa, mawe yamevunjika. Ndiyo kazi iliyomupendeza mutoto wangu."

"Na mengi ni mawe ya makaburi, Mama," alisema Eliana. "Neno likikatika, haturuhusiwi kulijaza kwa kile roho inachotaka. Pengo linabaki pengo. Hapa pengine ni Pontiani. Pengine Sipriani, au Damiani."

Nyuma yao ndoo ilianguka. Alikuwa Kezia, jirani mzee aliyewachotea maji tangu asubuhi.

"Umeona nyoka, Mama Kezia?" aliuliza Speciosa.

"Damiani ni kaka yangu," alisema Kezia taratibu. "Walimlaza humu humu, siku zile zile. Nilikuta umeshanunua saruji, mwanangu. Nikasema basi, angalau atajengewa."

Speciosa alimgeukia binti yake kwa hasira. "Nimekusomesha ili uninyang'anye baba?"

"Huenda ni yeye, Mama. Sikusema siye."

Hamissi aligonga mwiko kwenye karai. "Inakauka, jamani!"

Speciosa alilitazama jiwe, akamtazama Kezia aliyekuwa amelowa mpaka magotini.

"Andika ANI," alisema. "Mbele acha nafasi ya kutosha jina zima."

"Watu watasema Hamissi hajui kusoma."

"Waambie waje kwangu."

Kisha akamshika Kezia mkono, akamvuta mpaka kwenye jiwe lenye msalaba, wakapiga magoti bega kwa bega.

"Haya, Mama. Lia wako, nami nilie wangu."