Pasi ya Jenerali

Baba alistaafu jeshini akiwa koplo, lakini mtaa mzima ulimwita Jenerali. Cheo hicho alikipata kwa pasi. Kila Jumapili jioni alitandika blanketi juu ya meza ya kulia, akakunja mikono ya shati lake, akanyoosha nguo za nyumba nzima: sare zetu za shule, magauni ya Mama, mashuka, hata leso. Mstari wa suruali yake ungeweza kukata mkate. Ukimsogelea kutaka kumsaidia, alikuonyesha mlango kwa kidole.

"Raia hagusi silaha," alisema, nasi tukakimbilia nje kucheza.

Ndiyo maana tumekuwa watu wazima, mimi mwalimu, kaka yangu fundi wa simu, na hakuna kati yetu anayejua kunyoosha hata kola. Msinicheke. Hata baada ya kuoa na kuolewa, Jumapili tulimpelekea Baba nguo zetu na za watoto wetu, naye alizipokea kama mtu aliyeletewa zawadi.

Kisha Baba akalala asiamke. Mtu aliyerudi mzima kutoka vitani, akaondoka kimya kimya kitandani mwake.

Tangu mazishi, Mama alikaa ukingoni mwa kitanda hicho akijibu ndiyo na hapana tu. Mikono yake ilianza kutetemeka. Nikimpelekea chakula, kijiko kiligongagonga sahani, kisha akakiweka chini na kugeukia ukutani. Daktari alisema mwili hauna tatizo. Basi ni nini? Niliogopa, tena sana. Niliona tunaelekea kumzika na yeye.

Kwa hiyo siku moja kabla wenzake Baba wa jeshini hawajaja nyumbani kumkumbuka, Mama alipofungua kinywa, nilikaribia kuruka.

"Shati lake la sare," alisema. "Linyooshwe, livalishwe kiti chake. Wenzake wasilikute na makunyanzi."

Hilo tu. Lakini mtu anayetaka kitu bado yumo duniani. Nilitoka mbio na shati mkononi.

"Tulipeleke kwa dobi," nilimwambia Kaka.

"Dobi? Shati la Baba?" Alinitolea macho. "Unataka afufuke atuchape? Lete hapa. Mtu nafungua simu nikaitoa roho na kuirudisha, pasi itanishinda?"

Kaka yangu ni mjuaji tangu tumboni. Alitandika blanketi, akawasha pasi mpaka mwisho, akalilaza shati kifudifudi. Ndipo simu yake ikalia. Badala ya kuiacha ilie, akampokea mteja na kuanza kumweleza azime kwanza, kisha awashe, kumbe mkono wake wa pili, wenye pasi, umetulia palepale.

Niliisikia harufu nikiwa jikoni. Nilipofika, mgongoni mwa shati palikuwa na alama ya kahawia, umbo zima la pasi mpaka ncha.

"Umemuunguza Baba!" nilipiga kelele.

Nilimaanisha shati, lakini ndivyo neno lilivyonitoka, na Kaka, pamoja na ndevu zake zote, akakaa sakafuni akashika kichwa. Sikumhurumia. Kitu kimoja Mama ametuomba, kimoja tu! Nilikuwa namwambia tuseme shati halionekani, wakati Mama aliposimama mlangoni. Harufu ilikuwa imemtoa chumbani. Bila kuambiwa, tulisimama wima sambamba, kama tulivyofanya utotoni tukivunja kikombe.

Alilichukua shati, akaligeuza, akaiona alama. Alipunguza moto wa pasi, akasubiri, akailamba ncha ya kidole na kuigusisha chini ya pasi ilie chwi. Akapiga funda la maji, akayapuliza juu ya shati kama manyunyu. Kisha akaanza: kola, mabega, mikono. Sisi midomo wazi.

"Mama, kumbe unajua?"

"Mnadhani nani alimfundisha?"

"Si jeshini?" aliuliza Kaka.

"Jeshini walimfundisha bunduki." Hakuinua macho. "Aliporudi kutoka vitani mikono yake ilikuwa haitulii. Chai ilimwagika kabla ya kufika mdomoni. Wewe ulikuwa mchanga, na alikataa kukubeba, akisema atakuangusha. Nikampa pasi. Nikamwambia, baba watoto, ni nzito, itaushika mkono wako. Anza na kola, polepole. Aliniunguzia magauni, acha tu! Halafu Jumapili moja akaiweka pasi chini, akaja akakuchukua mikononi mwangu. Tangu siku ile sikuigusa tena. Ilikuwa yake."

Kaka alilia waziwazi. Mimi pia nililia, lakini macho yangu hayakuondoka kwenye mikono ya Mama. Ilikuwa imetulia.

"Na hii alama?" Kaka aliuliza, akifuta pua.

"Ipo mgongoni. Baba yenu alimpa nani mgongo?"

Akakivalisha kiti shati lile, vifungo mbele, alama nyuma karibu na ukuta. Kesho yake wenzake Baba walipoingia, mzee mmoja aliyekuwa sajini wake alikipigia kiti saluti, akageuka kwa Mama. "Pasi ya Jenerali haijapoa," alisema. Mama alikunywa chai pamoja nao, kikombe kizima.

Jumapili iliyofuata nilikusanya nguo za nyumbani kwangu, chafu nikazifua, safi nikazikunjakunja kusudi ziwe na makunyanzi. Nilimkuta Kaka mlangoni kwa Mama na furushi lake, hatukuulizana. Blanketi lilikuwa tayari mezani. Tuliweka mafurushi yetu, na Kaka, kwa kujipendekeza, akanyoosha mkono kuichukua pasi.

Mama akamwonyesha mlango kwa kidole.

"Raia hagusi silaha."