Ngozi ni ya Anayeburuta

Harufu ilimpokea mwalimu Ralla Ram kabla hajafungua mlango. Maksai aliyekufa juzi bado alilala kwenye sakafu ya chumba cha kupasulia, tumbo wazi, nzi wamelifunika. Wanafunzi walikwisha kuonyeshwa ini na mapafu. Iliyobaki ni kazi ya kumtoa, na wa kumtoa hawakuja.

Alijua walipo. Walikaa nje ya ukuta wa chuo cha mifugo, wakipokezana kiko. Jhandu, mkubwa wa wabeba mizoga, tabaka lililohesabiwa najisi, hakuinuka.

"Jhandu, unataka kuniua?"

"Aa, Lala-ji," alijibu, akimwita kwa jina la heshima, "sisi kazi yetu waliokwisha kufa tu."

Wenzake wakacheka.

"Jenerali anakuja leo kukagua. Mtoeni huyo maksai, habari ya ngozi tutazungumza."

"Mwezi mzima tunazungumza. Tangu enzi za babu zetu, anayeburuta mzoga ngozi ni yake. Mshahara hatukuomba. Sasa Meja anasema ngozi ni ya serikali, apewe mkandarasi awashonee askari buti. Haya, serikali na ije iburute."

Tangazo hilo la ngozi aliliandika Ralla Ram mwenyewe. Meja, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa chuo, alitia sahihi huku akitafuta fimbo yake ya polo. Ndivyo chuo kilivyoendeshwa miaka yote. Meja anatia sahihi, Ralla Ram anafundisha, anatahini, anachanganya dawa, anakesha na farasi wa jeshi wakishikwa na tumbo. Ukuu wa chuo haukuwa wa Mhindi. Sheria haikusema hivyo popote, ila hakuna asiyejua.

Akawaendea wanafunzi, awaombe wauburute mzoga.

"Mwalimu, kisu nashika kwa ajili ya mtihani, kisha naoga," alisema Kishori, mtoto wa Kibrahmin, tabaka la juu la Wahindu. "Nikishika kamba ya mzoga, mama atanilisha uani kama mbwa."

"Msinitazame mimi," alisema Sikandar Khan, Mwislamu. "Baba ana mashamba. Hata kama dini hainikatazi, mimi si mburuta mizoga."

"Na nyote mnataka kuwa madaktari wa mifugo."

"Wa farasi, mwalimu."

Wakacheka. Naye karibu acheke.

Adhuhuri Meja alifika, akasimama kizingitini, leso puani. "Ralla Ram, Jenerali akiukuta uvundo huu, utarudi wilayani kuwadunga ng'ombe sindano za sotoka. Na nyumba ya chuo utaiacha."

Katika nyumba hiyo mama yake alikuwa amelala, amepooza upande mmoja. Wilayani wangeishi kwenye hema.

"Sawa, Sahib," alisema.

Alikwenda kisimani akamfungua maksai anayevuta maji. Kwenye mikutano ya warekebishaji wa dini aliwahi kusimama na kusema kwamba hakuna binadamu aliye najisi, akapigiwa makofi mengi. Sasa alipiga magoti, akaifunga kamba kwenye miguu ya mzoga kwa mikono yake. Alingoja moyo umwende mbio, kwa hofu au hata kwa fahari. Haukwenda mbio. Maksai wa kisimani alimnusa mwenzake, akagoma, akachapwa, akavuta.

Walipotokea getini, watu wa Jhandu walisimama mmoja mmoja. Mkokoteni wa mkandarasi wa ngozi ulikuwa ukingoja.

"Lala-ji," alisema Jhandu, "umeshika."

"Nimeshika."

"Kwa mkono wako."

"Kwa mkono wangu, Jhandu. Mzoga ni mzoga tu." Alitaka kuongeza yale maneno ya mkutanoni. Hayakuja.

Jhandu alitoa kiko kinywani. "Maisha yangu yote nimengoja kumwona mmoja wenu akishika. Maji ya kisima mnatunyima, hata kivuli chetu mnakikwepa. Leo umeshika. Na umeshika ili watoto wangu walale njaa."

Akazima kiko. Wakaondoka kwa mstari, kila mmoja na kamba yake begani.

Meja alizungumza kutoka mbali, upande upepo unakotokea. "Vizuri sana! Umeona? Hatuwahitaji kabisa. Kuanzia kesho panga zamu za kuburuta, wewe usimamie. Lakini Jenerali akifika usisogee, unanuka."

Jenerali alifika, akawapapasa farasi, akasifu usafi, akaenda kunywa chai kwa Meja.

Ralla Ram aliosha mikono, akaiosha tena, akaingia darasani. Benchi za mbele zilikuwa tupu. Wanafunzi walihamia nyuma kabisa, mbali na mikono yake, Kishori na Sikandar wamebanana benchi moja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya tangu waje chuoni.

Alichukua chaki.

"Matumbo ya ng'ombe," alisema, "ni manne."

Wakaandika.