Hodi ya Tatu

Gololi ilibingirika gizani. Ilichomoka chini ya unyayo wake, ikakimbia juu ya sakafu ya saruji, ikagonga mguu wa meza, ikatulia. Mama alibaki amesimama kwa mguu mmoja kama korongo, mkono ukutani, akisikiliza kama kuna aliyeamka. Hakuna. Alfajiri ilikuwa bado haijatia rangi dirishani, na chumbani watoto wake wawili walikuwa wanakoroma, mmoja kwa sauti nyembamba, mwingine akimfuatiza.

"Siku moja mtaniua nyinyi," alinong'ona, na papo hapo akatamani alirudishe neno lake mdomoni. Nyumba ile haikuwa tena nyumba ya kutania kuhusu kifo.

Alitembea akipapasa kwa vidole vya miguu. Daftari. Soksi. Gari la kopo lililopoteza gurudumu. Alipofika mlangoni hakupapasa kitu. Aliinua mguu juu kidogo, akavuka, kama walivyokuwa wakivuka wote watatu tangu msiba. Pale kizingitini palikuwa na viatu vya mume wake.

Mume wake alikuwa fundi rangi. Viatu vile vya kazi vilijaa madoa ya kila nyumba aliyowahi kuipaka, na watoto waliyasoma madoa yale kama ramani: hili la kijani ni la zahanati, hili la waridi ni la chumba cha bibi harusi aliyebadili mawazo mara nne. Siku ya mwisho alivaa mabuti mapya aliyopewa na tajiri wa kazi, akavivua hivi vya zamani hapo hapo mlangoni kwa haraka, kimoja kikalala ubavu. Jioni waliletewa habari kwamba ameteleza juu ya ngazi. Kiatu kile bado kilikuwa kimelala ubavu.

Kulipopambazuka, vita vilianza kama kawaida.

"Bosi, gololi zina nyumba yao. Kopo hilo hapo, halijahama. Mwalimu, soksi moja iko mezani, mwenzake yuko wapi? Ameolewa? Nimesema jana, nimesema juzi, mate yameniisha!"

Bosi alikuwa na miaka mitano. Baba yake alimpa jina hilo kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikagua uani kama mwenye mradi. Dada yake, wa miaka tisa, aliitwa Mwalimu, maana alifundisha kila kitu kilichokaa kimya: ndoo, mito, hata kuku wa jirani. Sasa hivi Bosi alikuwa anakunywa chai kana kwamba anayesemeshwa ni mtu mwingine.

"Jirani!" Sauti ilipenya ukutani. Ilikuwa ya mama muuza mkaa wa nyumba ya pili. "Soksi iko chini ya kiti! Uliitaja juzi! Mimi sijaingia kwako mwezi mzima lakini vitu vyako vyote nimevikariri!"

Mwalimu alicheka, chai ikampalia. Bosi akacheka kwa sababu dada yake amecheka. Hata mama alijikuta meno nje, na kwa muda ule mfupi nyumba ikafanana na nyumba ya zamani. Angeacha hapo, ingekuwa heri. Lakini kuchoka hakujui kuacha.

"Mnacheka, ee? Haya. Leo nikirudi, kila kilichozagaa humu ndani kitaingia kwenye gunia, kikatupwe jalalani."

Mwalimu aliweka kikombe chini. "Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Na viatu vya baba?"

Mama alichukua mkoba wake, akaivuka ile jozi ya viatu, akaenda kazini bila kuaga.

Kazi yake ilikuwa kufua na kukunja mashuka katika nyumba ya wageni. Kutwa nzima alikutanisha kona na kona, akapiga bapa kwa kiganja, akapanga rafuni mpaka mashuka yakasimama sawasawa kama askari kwenye gwaride. Wageni wasiomjua walilala kwenye unadhifu wake. Kwake, mtu hakuwa na pa kuweka mguu.

"Shuka hilo unalikunja au unalipiga?" aliuliza mwenzake, mwanamke mnene mwenye vichekesho ambaye wote walimwita Mama Pasi.

"Watoto, dada yangu. Hawapangi kitu. Nimekuwa kengele. Nikinyamaza, nasikia mlio wangu mwenyewe masikioni."

"Marehemu alikuwa anawachapa?"

"Nani, yule? Hata nzi hakuwahi kumfokea. Alikuwa anapiga hodi."

Mama Pasi alisimamisha pasi. Hodi?

Ndiyo, hodi. Kila jioni akitoka kazini, mume wake hakuingia ndani kama mwenye nyumba. Alisimama nje, akakohoa kikohozi cha watu wakubwa, akaita, "Hodi!" Baada ya hodi ya kwanza alijitambulisha, na kila siku alikuwa mtu mwingine. "Mimi ni mkaguzi wa vitanda kutoka makao makuu. Nimesikia humu kuna kitanda kinalala na makombo." Siku nyingine alikuwa daktari wa soksi, au mnunuzi wa gololi zilizokosa wazazi. Ndani palikuwa hapatoshi kwa mbio na vicheko, vitu vikiruka kwenda mahali pake. Hodi ya pili. Kila mtu anajua kwamba hodi ya tatu ikikosa jibu, mgeni hugeuka akaenda zake, kwa hiyo kabla ya hodi ya tatu lazima sakafu iwe nyeupe na sauti mbili ziitikie pamoja, "Karibu!" Ndipo anaingia, anatazama huku na huku, anasema, "Samahani, nimekosea nyumba. Hii ni ya watu wa maana." Maishani mwake hakuwahi kuwaambia, "Pangeni."

Mama Pasi alicheka mpaka akasahau pasi mkononi. Kisha akasema, kama mtu anavyosema nipitishie hiyo ndoo, "Sasa si upige wewe?"

Njia nzima ya kurudi nyumbani alilifikiria neno lile. Si upige wewe. Mbona hakuwahi kuwaza? Miguu ikawa myepesi. Alijaribu kukohoa taratibu, mpita njia akamgeukia. Akajifanya amekabwa na vumbi. Alijiambia kwamba watoto hawakukataa kupanga, walikosa tu wa kuwachezesha. Yeye alikuwa na mdomo, alikuwa na mlango. Kilichobaki ni nini?

Alipofika, mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani Mwalimu alikuwa anausomesha mto. Mama alivuta pumzi, akaishusha sauti mpaka kifuani, akakohoa mara mbili kama mume wake, akaita:

"Hodi!"

Somo la mto lilikatika.

"Hodi wenyewe! Mimi ni mkaguzi wa vitanda kutoka makao makuu!"

Ndipo nyumba ikalipuka. Viti viliburutwa, kopo likaanguka likaokotwa, na miguu midogo ikakimbia huku na huko kama mvua juu ya bati. "Karibu!" Ilikuwa sauti ya Bosi, imepasuka kwa haraka. "Karibu! Ngoja, bado kidogo, usiondoke! Karibu! Karibu!"

Mama alitabasamu mlangoni. Kumbe ilikuwa rahisi hivi. Alijinyoosha kwa hodi ya tatu, na kabla hajaitoa, mlango ukafunguka kwa nguvu.

Bosi alisimama pale, kopo la gololi kwapani, anahema. Macho yake yalianzia juu, pale ambapo uso wa mtu mrefu hukaa. Yakashuka. Yakamkuta mama. Yakampita, yakaenda njiani, kushoto, kulia, yakarudi.

"Yuko wapi?"

"Ni mimi, Bosi."

"Aliyepiga hodi yuko wapi?"

Nyuma yake Mwalimu alikuwa ameshika fagio. Hakuonekana kushangaa. "Mimi nilijua ni wewe," alisema. "Kikohozi si chenyewe. Lakini yeye hakujua, mama. Yeye hakujua!"

Bosi aligeuka. Sakafu ilikuwa safi kama haikuwahi kuwa tangu siku ya mazishi. Hata gari la kopo lilikuwa limeegeshwa kando ya ukuta. Alitembea hadi katikati ya chumba, mikono ikiwa haiko nyuma tena, akalipindua kopo. Gololi zilitawanyika zote. Akavua soksi, akatupa moja huku, nyingine kule. Akachomoa daftari la dada yake, akaliacha wazi chini. Hakulia. Alifanya kama fundi anayerudia kazi iliyoharibiwa na mwingine.

"Unafanya nini, mwanangu?"

Aliyejibu ni Mwalimu. "Anaweka kazi. Baba anapiga hodi nyumba ikiwa vurugu. Ikiwa safi, atakuja kukagua nini?"

"Na wewe ulijua?"

"Ndiyo maana na mimi sipangi."

Mama alikaa chini palepale, karibu na viatu. Maneno yote aliyowahi kuyasema asubuhi, soksi, daftari, nimesema mara ngapi, yalimrudia moja moja na kila moja lilikuwa na ncha. Kumbe alikuwa anawafokea watu waliokuwa zamu, wanangoja.

"Bosi, njoo." Mtoto hakuja. "Baba amekufa, mwanangu. Ulikuwepo. Udongo uliutia kwa mkono wako."

"Najua amekufa," Bosi alisema, kwa subira, kama mtu anayeelezwa jambo analolifahamu kuliko anayemweleza. "Lakini jioni je?"

Mama alitafuta jibu lenye sukari. Aliwaza kusema mbinguni, aliwaza kusema ndotoni. Lakini macho ya mtoto yalikuwa yanamtazama kama mlango uliofunguliwa, na mlango wa namna hiyo haupitwi na uongo.

"Hata jioni," alisema.

"Jioni hatakuja?"

"Hatakuja. Asubuhi, mchana, wala jioni."

Ndipo Bosi akalia. Siku ya mazishi hakulia. Watu walimsifu, wakamwita mwanamume. Sasa alilia kwa deni lote, na Mwalimu akaangusha fagio akalia naye, na mama akawakusanya mapajani, mmoja huku, mmoja huku, wakalia watatu katikati ya gololi. Upande wa pili wa ukuta mama muuza mkaa alisikia, na kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Baadaye tu aliwapitishia chakula mlangoni, akaondoka kwa ncha za vidole.

Usiku ule hakuna aliyepanga kitu. Kabla hawajalala, mama aliwaambia, "Mimi sijui kuwa mkaguzi. Sauti yangu ni hii hii mnayoisikia. Nikiigiza yake tena, nifukuzeni."

"Tutakufukuza," alisema Mwalimu, kamasi zikiwa bado puani.

Tangu hapo hakufoka tena. Isidhaniwe alikuwa amepata mbinu. Alikosa ulimi tu. Asubuhi alipokanyaga gololi aliiokota, akaitia kwenye kopo, akaenda zake. Siku nyingine aliiacha. Vitu vilizagaa, lakini kwa uvivu wa kawaida sasa, uvivu wa watoto, na Bosi alipozimwaga gololi alizimwaga ili acheze. Jioni ilipofika aliacha kucheza, akakaa kimya akitazama mlango, na mama akiingia alimtazama kama abiria anayetazama gari lisilo lake. Hilo ndilo lililomkata maini. Kila siku alirudi nyumbani akijiuliza kama ataingia tena kwa watoto wake, au ataendelea kuwa mtu ambaye siye anayengojewa.

Jioni moja alikuta mlango umefungwa kwa komeo. Upepo ulikuwa mkali, pengine Mwalimu ndiye aliyefunga. Alisimama nje na uchovu wake, mikono ikinuka sabuni. Alitaka kugonga. Badala yake alisikia neno likimtoka, kwa sauti yake mwenyewe, iliyochoka, isiyoigiza mtu.

"Hodi."

Alijuta. Kisha ndani gololi moja iliangukia kwenye kopo, ting. Ikafuata nyingine. Hakuna mbio, hakuna kicheko. Kiti kilisogezwa polepole.

"Hodi," alisema tena. "Ni mama tu. Natoka kazini, natafuta pa kuweka mguu."

Alimsikia Mwalimu ananong'ona, "Hapana, hiyo huku," na kitu kizito kikiburutwa kidogo, kikisimamishwa, kikiburutwa tena. Halafu hata hivyo vikakoma. Mama aliweka paji la uso kwenye ubao wa mlango. Hodi ya tatu ikikosa jibu mgeni huenda zake. Lakini yeye angeenda wapi?

"Hodi," alisema, kwa sauti ndogo kabisa.

Komeo lilitoka. Bosi alikuwa mbele yake, mikono nyuma, tumbo mbele, macho mekundu. Macho hayo hayakwenda juu kumtafuta mtu mrefu wala hayakutoka nje kuangalia njia. Yalimkuta mama, yakabaki hapo. Mama aliinua mguu kuvuka, kama ulivyozoea, na mguu ukashuka kwenye saruji tupu. Moyo ukamruka, akatazama chini, hakuona kitu, akamtazama mwanawe.

"Karibu mama, viatu vya baba nimeviweka pamoja na vyangu."