Uzi wa Kurudi Nyuma

Mbula alikuwa amefundisha saikolojia chuoni miaka kumi na minane. Ungempa chaki angekueleza bila kushusha pumzi jinsi akili inavyokuwa macho, inavyozubaa, inavyosinzia na inavyolala fofofo. Lakini kwao Kathiani, barazani kwa mama yake, elimu yote hiyo ilikuwa haijamfaa kitu.

Mama yake, Nzembi, alikuwa amepoteza kumbukumbu. Mwaka wa pili sasa alimwita Mbula "mwalimu" na kumpa heshima ya mgeni, na hilo lilimuuma Mbula kuliko alivyokubali. Kilichobaki kati yao ni kiondo kimoja, kikapu cha kusukwa kwa mkono. Nzembi alikianza alipokuwa mzima, akasema ni cha Mbula, kisha akakiacha karibu na ukingo, pale panapoanza mstari mwekundu. Mbula alitaka mama yake akimalize kabla hata mikono haijasahau.

"Mwaitu, hapa unapitisha uzi namna gani?" aliuliza Jumamosi hiyo baada ya chai, akimwita mama kwa Kikamba chao.

Nzembi alikitazama kiondo kama mtu aliyepewa barua ya mwenzake. Akashika uzi wa mkonge, akauachilia. "Sijui, mwalimu. Mimi sijui hii kazi." Machozi yakamlengalenga.

Mbula akajilaumu. Yeye aliyewafundisha wengine kwamba mkono uliozoea kazi huvurugika ukiulizwa maswali, ndiye huyo anamhoji mama wa watu kama karani wa sensa! Akaacha maswali, akamwekea kiondo mapajani, akaanza kuchambua maharagwe.

Jua la saa tisa likapasha baraza joto. Nzembi hakulala, wala hakuwa macho. Kichwa kiliinama, pumzi zikatulia, na vidole vikaanza kazi vyenyewe. Vikaruka nyuzi mbili, vikarudi nyuma uzi mmoja, vikaendelea. Mbula hakuthubutu hata kukohoa. Aliutazama ule uzi unaorudi nyuma, na vidole vyake mwenyewe vikaanza kumwasha.

Usingizi ulipomchukua mama kabisa, kiondo kikamtoka mkononi. Mbula akakiokota, akaendelea pale pale. Mwanzoni alifikiria kila uzi, akakosea, akafumua. Kisha akaiacha akili izurure kwenye mitihani ambayo hajasahihisha, na mikono ikaenda bila shida. Alipogutuka, mstari ulikuwa umezunguka nusu ya kiondo.

Nzembi akaamka. Akakichukua, akapitisha kidole gumba juu ya mstari, kutoka sehemu yake hadi ya Mbula, asikute mahali pa kusita.

"Aiya! Nani amesuka hii?"

"Ni mimi."

"Hapana," Nzembi akasema kwa upole. "Huku kurudi nyuma sikufundisha mtu mwingine. Nilifundisha Mbula wangu peke yake. Na alikuwa hasikii, kichwa iko kwa vitabu tu. Nikafikiri nimechoka bure."

Mbula alilia, wala hakujaribu kujizuia.

"Kwani unamjua?" Nzembi akauliza. "Ukimwona, mwambie kiondo yake iko karibu kuisha."

"Nitamwambia, mwaitu."

Nzembi akaridhika. Akasogea kwenye benchi, akampisha, akamrudishia kiondo.

"Basi keti hapa," akasema. "Umshikie mpaka akuje."