Dada wa Gari la Mikate

Kwa maneno ya jirani yao, yule wanayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, msichana wa mapokezi alimwona mama yake mzazi mchana kweupe, akajifunika uso kwa mkoba, akautupa mkate mtaroni na kutimua mbio. "Nilikuwepo!" Redio aliapa. "Kwa macho yangu haya mawili!"

Uongo mtupu. Mkoba aliuacha ofisini, na mkate aliula wote. Lakini msichana hakutoka nje kumkanusha, maana lililotokea lilikuwa dogo kuliko hilo, na baya zaidi.

Wenzake kazini aliwaambia zamani kwamba mama yake ni mwalimu mstaafu. Uongo huo ulimponyoka siku moja tu, ukabaki. Mama mwenyewe, Jumatatu ile, alirudi nyumbani anang'aa: "Nimepata kazi, mwanangu. Nachoma mikate." Msichana akadhani ni kwenye tanuri, huko viwandani. Hakuuliza zaidi.

Alhamisi, saa ya chakula, katibu muhtasi akamshika mkono. "Twende tukaonje huo mkate wa jibini. Foleni yake utadhani wanagawa viwanja." Dereva wa bosi akafuata nyuma, akinung'unika kwamba mkate na jibini si chakula, ni chai iliyokosa kikombe.

Gari la mikate lilikuwa limeegeshwa kando ya benki, ubavu wake umefunguliwa ukawa dirisha. Ndani, juu ya bamba la chuma, mikate iliyopakwa siagi ilikuwa ikichachatika, na mwanamke mwenye kofia nyeupe akiikandamiza kwa mwiko bapa, mmoja mmoja. Msichana aliijua ile mikono kabla hajauona uso.

Mama naye akainua macho, akatabasamu nusu, akangoja.

"Mama, tupe mitatu, tafadhali," alisema katibu muhtasi.

"Mama, wangu usiuunguze," alisema dereva.

Msichana alitazama viatu vyake.

Mkate ulikuja umeviringishwa karatasi. Jibini aina tatu, na vitunguu vilivyokaangwa polepole mpaka vikawa vitamu kama jemu. Aliuma upesi ili mdomo upate kazi. Jibini ikavutika hadi kidevuni, ikamchoma ulimi, machozi yakamlenga.

"Puliza kwanza, mwanangu," mama akasema kutoka dirishani, bila kufikiri.

"Asante, dada."

Katibu muhtasi akaacha kutafuna. "Dada? We naye! Mtu mzima huyo, ni sawa na mama yako!"

"Anampunguzia umri," dereva akacheka. "Mama, leo umepata mdogo wako hapa!"

Mama akacheka nao. Kisha akawapa mgongo ili achukue siagi, na siagi hiyo akaitafuta muda mrefu, ingawa kopo lilikuwa mbele yake.

Mkate ulikuwa mtamu, na hilo lilimuumiza msichana kuliko yote. Aliumaliza palepale, akaramba hadi makombo.

Mama alirudi nyumbani jua halijazama, ananukia siagi. Msichana alikuwa akipanga maneno tangu saa tisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akampa kapu, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu. "Chumvi ilitosha?"

"Ilitosha. Ulikuwa mtamu."

"Vitunguu nilivikaanga mimi. Wale wenzangu wa garini walikuwa wanavikimbiza, nikawaambia hapana, vitunguu vinataka subira."

"Mama, leo mchana..."

"Wenzako wana adabu," mama akamkata, sauti haina hasira hata chembe, afadhali ingekuwa nayo. Akajikanda goti. "Sikuulizi umewaambia nini huko ofisini. Una sababu zako. Ila kesho mkija, na wewe niite mama, kama wanavyoniita wao. Kila mtu ananiita hivyo, hakuna atakayejua kitu."

Msichana akapiga magoti, akaanza kutoa vitu kapuni: aproni, kofia, kitambaa cha mikono.

"Utaniita?" mama akauliza.

Msichana akakikunja kitambaa mara mbili, akakikunjua, akaanza upya.